Asubuhi za Mama Mkubwa

Tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kama unaisoma barua hii umekaa kitako, basi watoto wamelala, na hilo peke yake limenifurahisha. Shemeji hajambo? Wanao Meneja na Fundi hawajambo? Na mwanangu Kibonge? Mimi ni mzima, ila miguu ndiyo inayonilaumu.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya ile simu ya Jumapili. Kibonge alisikia sauti yangu akaanza kunitafuta nyuma ya simu, akaigeuza, akaidondosha, halafu akalia mpaka wewe ukashindwa kusema na mimi nikashindwa kukata. Sitaki kumtesa vile tena. Shemeji ameniambia lori lake linapita hapa njia panda kila wiki, kwa hiyo barua zetu zitakuwa zinapanda lori.

Huku kambini kwa wanariadha tunalala wasichana wanne chumba kimoja. Dobi wa hospitali kama wewe ungeingia humu usingelala, ungekunja upya shuka zote kwanza. Tunakimbia alfajiri, tunakula, tunalala, tunakimbia tena. Wiki ya kwanza maziwa yalikuwa bado yanatoka. Tukiwa tunapanda mlima fulana ikaloa kifuani, msichana aliyekuwa ubavuni kwangu akanitazama, nikamwambia ni jasho. Nilimaliza mlima ule nimekumbatia kifua kama mtu aliyeiba mahindi.

Kocha ni mtu wa maneno machache. Aliniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia miezi kumi. Akafikiri kidogo, akasema, "Mchujo wa timu ni Agosti. Ukitoka hapa kabla ya hapo, nafasi yako anaichukua mwingine." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mambo yalivyo huku.

Najua nimekutwisha mzigo. Baba yake tangu asikie habari ya mimba hajaonekana, na mama yetu angekuwa hai nisingekusumbua wewe mwenye wawili wako. Lakini ni wewe uliyenifundisha kukimbia, mimi nikikufuata nyuma na ndala mkononi. Nivumilie mpaka Agosti tu. Nitakuja kumchukua mwenyewe.

Mdogo wako


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako shemeji yako aliileta imekunjwa ndani ya kofia yake, inanuka dizeli, lakini imefika. Sote wazima. Meneja ametokwa na jino la mbele na sasa anatoa amri kwa kithembe. Fundi amefungua redio kuangalia wanaozungumza wako wapi.

Kibonge mzima, mashavu yako palepale. Siku za mwanzo alikuwa ananikataa, ananitazama kama mtu aliyepanda gari lisilo lake. Sasa anakula, anakunywa maziwa yake, na amechagua kulala kati ya ukuta na Fundi. Hilo lisikutie wasiwasi.

Nilikuambia kabla hujaondoka kwamba nimejiandikisha mbio za wanawake za hapa mjini, kilomita kumi, Septemba. Ukacheka, ukadhani natania. Sikutania. Shemeji yako akiwa nyumbani natoka kabla hakujapambazuka, na lazima nirudi kabla hajavaa viatu vya kazi, kwa hiyo mwisho wa mazoezi yangu ni kukimbizana na kamba za viatu vya mume. Akiwa safarini nawachukua wote watatu mpaka uwanja wa shule. Kibonge anakaa kwenye kigari, Fundi anachimba mchanga wa kurukia, Meneja ananihesabia mizunguko. Akiwa na njaa ananiongezea mmoja ili tuondoke mapema. Akiwa amepata wa kucheza naye, mizunguko haiishi.

Halafu tunarudi, naogesha, nalisha, nafunga vifungo ambavyo Fundi ameshavifungua, nawapeleka shule na kwa jirani, nakwenda kazini kusimama na mashuka ya watu mpaka jioni. Juzi nilipiga mswaki kwa dawa ya kuchua misuli. Mdomo uliwaka mpaka saa ya chakula.

Utaniuliza kwa nini najisumbua. Shemeji yako aliniuliza hivyo hivyo, kwa upole, nikamwongezea chai. Nikuambie wewe. Kule uwanjani ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu anayeniomba kitu. Wanaomba, lakini inabidi wasubiri nifike upande wao.

Fanya kilichokupeleka. Huku kuna mtu.

Dada yako


Tarehe 15 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mko salama na mdomo umepoa. Barua yako niliwasomea wenzangu chumbani, kile kipande cha dawa ya misuli, tukacheka mpaka mlezi wa kambi akagonga mlango.

Mimi naendelea vizuri, dada, vizuri kuliko nilivyotegemea. Kocha ameacha kunitazama kama mgonjwa. Wiki iliyopita alinipanga na wasichana wa mbele, nikawashika mpaka mwisho. Nilipofika nikatapika, akaniambia, "Sasa umerudi." Kwa kocha huyo ni kama amenipigia ngoma.

Nimefurahi sana kuhusu mbio zako. Nikupe mawili matatu ninayojifunza huku. Usikimbie kwa nguvu kila siku. Siku moja nzito, inayofuata nyepesi. Mchana lala kidogo, na ukiamka inua miguu uiegemeze ukutani, damu irudi. Kocha anasema usingizi ndio nusu ya mazoezi. Na usile ukiwa umesimama.

Kibonge amesimama? Amekwenda? Mwonyeshe ile picha yangu ya kabatini, umwambie huyu ni nani. Najua bado mdogo, lakini mwonyeshe tu.

Mdogo wako


Tarehe 17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Shemeji yako wamemhamishia njia nyingine, ile ndefu, anakaa huko zaidi kuliko nyumbani, kwa hiyo lori letu la barua limekufa. Hii naituma posta. Sisi wazima, ukiacha mafua ambayo watoto wanapokezana kama vijiti vya mbio.

Umesema nilale mchana na nisile nikiwa nimesimama. Niliwasomea wanawake madobi wenzangu. Mmoja alikaa chini juu ya marundo ya mashuka machafu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa foronya. Hakuna aliyekucheka wewe, mdogo wangu. Walicheka kwa sababu hawakujua kwamba kuna mahali watu wanaambiwa walale mchana na mtu mzima mwenye akili zake.

Kibonge anatembea. Alianzia kwenye mguu wa meza akaja mpaka kwangu, mikono juu kama mtu anayekamatwa na polisi. Meneja alipiga makofi, Kibonge akaogopa, akakaa.

Kuna jambo jingine, na nimelizungusha kichwani muda mrefu kabla ya kuliandika. Picha yako namwonyesha. Kila siku nilikuwa namwambia, huyu ni mama, na mimi ni mama mkubwa. Mama mkubwa. Basi yeye amechukua neno la kwanza akaliacha la pili. Ananiita mama. Namsahihisha, anacheka, anarudia. Meneja naye anamsahihisha, kwa ukali, maana anaona mali yake inachukuliwa. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Mbio nimeziacha. Usishtuke. Mume akiwa mbali siwezi kutoka alfajiri, na jioni giza linanikuta bado naanika. Nilijaribu kuwaamsha wote gizani twende uwanjani. Siku ya tatu, kazini, nikiwa nalisha shuka kwenye ile pasi kubwa ya kuzunguka, nikasinzia nimesimama. Mkono ukaenda na shuka. Mwenzangu alizima mashine haraka, kwa hiyo ni ngozi tu ya juu, kuanzia kiwiko kushuka. Imefungwa, inapona. Msimamizi alinituliza, akanipa siku mbili za kukaa nyumbani, na nyumbani wako watatu.

Sikuandikii haya ili urudi. Mchujo uko karibu. Kimbia.

Dada yako


Tarehe 21 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mkono umepona? Naomba uniambie ukweli umepona vipi. Na watoto, na shemeji?

Barua yako ilinifikia wiki ya mazoezi mazito. Niliisomea kwenye bomba la maji, nikairudisha mfukoni, nikakimbia nayo. Kuhusu hilo neno analokuita sikuweza kukujibu wakati ule. Kila nilipotaka kulia nilijiambia, bado Agosti, bado Agosti.

Dada, nimekuwa wa tatu. Kwenye mchujo. Watatu wa kwanza wanaingia timu ya wakubwa, na mimi ndiye wa tatu. Karibu na mstari wa mwisho nilikuwa sioni tena, nasikia tu viatu vya aliyekuwa nyuma yangu. Kocha alinishika bega akaliacha. Nilikaa pale chini nikawafikiria nyinyi wote mmekaa kwenye ule uwanja wa shule.

Sasa sikiliza, na usikasirike kabla hujamaliza. Timu inaingia kambi mpya mara moja, mpaka Machi, halafu kuna mbio kubwa nje ya nchi. Nikitoka sasa, mwaka wote huu umekuwa wa bure. Nakuomba unikalie na Kibonge mpaka Machi. Najua nilisema Agosti. Sikujua kwamba nitaweza.

Nimekutumia viatu vya kukimbilia, tulipewa jozi mbili na miguu yetu ni sawa. Tafadhali rudi kwenye mbio zako.

Nijibu haraka, dada. Kocha anataka kujua.

Mdogo wako


Tarehe 19 Septemba

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimepiga simu Jumapili mbili, akapokea Meneja, akasema "Mama yuko kazini," kisha akasema "Mama amesema niseme yuko kazini." Basi nimeelewa.

Kama umekasirika, nikemee. Wewe hujawahi kuninyamazia tangu tukiwa wadogo. Nimemwambia kocha kwamba jambo limekubalika nyumbani. Sijui kama nimemdanganya.

Kibonge ni mzima? Hata kama huna neno jingine la kuniambia, niambie hilo.

Mdogo wako


Tarehe 3 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Kibonge ni mzima. Sote wazima.

Nilipoisoma habari ya kuwa wa tatu nilipiga kelele jikoni, watoto wakaja mbio wakidhani nimeungua tena. Nilifurahi kweli, na furaha hiyo bado ipo, usiichanganye na haya mengine. Halafu nikageuza karatasi nikasoma upande wa pili. Nilikaa. Nilitaka kukujibu siku ile ile, nikaona nitakachoandika hakitafutika. Nikasubiri.

Mwezi wa saba, kidonda cha mkono kilipofunga, shemeji yako alirudi safari akanikuta navitazama viatu vyangu vya zamani mlangoni. Alikuwa hajalala tangu jana yake. Akaniambia, "Nenda. Mimi nitalala ukirudi." Basi tukawa tunafanya hivyo kila akiwepo. Nikirudi namkuta kakaa sakafuni, mgongo ukutani, macho mekundu, watoto wanampanda kama ngazi. Hajawahi kulalamika, na hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Viatu vyako vilipokuja nikavivaa hivyo hivyo.

Siku ya mbio ilikuwa Jumapili. Alikuja kutoka safarini alfajiri, akanawa uso, akanibandikia namba kifuani kwa pini, imekaa upande. Wanawake walijaa barabara nzima, wengine wamevaa khanga juu ya suruali, wengine wameshika watoto mpaka dakika ya mwisho. Nilianza taratibu. Nikapita wa kwanza, nikapita wengine. Nilikuwa nimesahau, mdogo wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa mwili wangu unavyokuwa ukiachwa peke yake. Nilipita hata yule mwalimu wa shule ya Meneja aliyejigamba mwaka mzima, nikampungia mkono.

Karibu na mwisho, kwenye kona ya kituo cha mafuta, nikawaona. Shemeji yako kambeba Kibonge mabegani ili aone, Meneja na Fundi wameshikilia suruali yake, wananiita. Kibonge akaniona. Akanyoosha mikono yote miwili akaita, "Mama." Nikampungia nikapita. Akadhani namwacha. Alipiga ukelele ule ule wa siku ulipoondoka wewe, ule ule, nikausikia mgongoni. Nilikwenda kidogo nao. Halafu nikasimama.

Hakuna aliyeniambia nisimame. Shemeji yako alikuwa ananipungia niende, anasema, "Endelea, atanyamaza." Nilirudi nikamchukua. Akanishika shingo, namba ikachanika. Tukatembea naye mpaka mwisho, kila mtu anatupita. Yule mwalimu alitupita. Watu wa pembeni walipiga makofi, walidhani ni jambo zuri. Mimi nilikuwa na hasira mpaka meno yanauma. Hasira kwake, mtoto asiyejua kitu. Kwako. Kwangu zaidi. Usiku wote wa kuamkia mbio nilikuwa nimejiambia siku hii ni yangu.

Nyumbani shemeji yako alitandika akalala na viatu, mimi nikafua. Nikiwa nafua ndipo nilipojua nitakuandikia nini.

Siwezi kumkalia mpaka Machi. Kumlisha nitamlisha, kumwogesha nitamwogesha, hilo si tatizo. Lakini siwezi kuwa mama yake mpaka tarehe fulani halafu niache. Na yeye hawezi. Alishaachwa mara moja na hajui kama alisamehe. Kwa hiyo chagua. Njoo umchukue sasa, akiwa bado anaweza kukuzoea. Au umwache awe wangu kabisa, akue na wenzake, aniite anavyoniita bila mtu kumsahihisha, na wewe uwe mama mdogo wake, uje na zawadi. Sitakulaumu kwa lolote kati ya hayo. Nitakulaumu ukiniambia tena "mpaka mwezi fulani."

Sikutishi. Nimechoka tu.

Dada yako


Tarehe 14 Oktoba

Dada,

Shikamoo.

Nilikasirika. Nikuambie tu. Nilisoma "chagua" nikatupa barua chini ya kitanda. Huku kuna wanaume wa timu ya wakubwa, karibu wote ni baba wa watoto wadogo. Mmoja mkewe kajifungua mapacha juzi, tukampigia makofi wakati wa chakula, jioni akakimbia kama kawaida. Hakuna aliyemuuliza mapacha kawaacha na nani. Anaulizwa mguu wake wa kushoto unaendeleaje. Mimi ndiye wa kuchagua. Nilitembea na hasira hiyo siku nzima na bado naona nina haki nayo.

Halafu jioni nikakumbuka kwamba wewe pia hukuulizwa. Nilikuja na mtoto na begi, nikakaa kwenye kile kiti chenu kibovu, nikalia, ukasema sawa. Sikukuuliza. Nilikulilia tu.

Barua niliitoa chini ya kitanda. Nilipofika pale unaposema "umwache awe wangu kabisa," mwili wangu wote ulikataa kabla akili haijafika. Nilikuwa nimeketi, nikajikuta nimesimama.

Nikaenda kwa kocha. Nikamwomba nipange chumba nje ya kambi, niishi na mwanangu, nije mazoezini asubuhi na jioni kama wengine. Alikuwa anafunga mipira ya mazoezi kwenye wavu, hakuacha.

"Timu ya wakubwa inalala kambini," akasema.

"Na timu ya pili?"

"Ya pili inalala inakotaka."

Nikamwambia basi mimi ni wa ya pili. Aliacha mipira akanitazama. Akaniambia nafasi yangu ataichukua aliyekuwa wa nne, na Machi si lazima iwe ya kwangu tena, na haahidi chochote. Nikamwambia nimesikia. Yule wa nne yuko nasi kambini kama wa akiba, analala kitanda cha pili kutoka changu. Alinikumbatia, akalia, akaniomba msamaha kama vile kaniibia. Nilimwambia akimbie vizuri. Nilikuwa namaanisha.

Nimepata chumba nyuma ya duka, kwa mwanamke anayelea watoto wa wenzake mchana. Nitakuja na basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sitaki kufika ghafla. Mwonyeshe ile picha, tafadhali, kila siku mpaka nije. Na wewe ukiwa unamwonyesha usimwambie kitu kibaya wala kizuri. Mwambie tu anakuja.

Mdogo wako


Tarehe 12 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Ulipotoka hapa tulikuwa tumeshasema mengi, na mengine tuliyasema vibaya, basi hayo tuyaache palepale kituoni. Mmefika salama, shemeji yako alipata ujumbe wako.

Hukuona yaliyokuwa huku basi lilipoondoka. Meneja hakulia. Alisema mtoto akiondoka kitanda kibadilishwe, akaanza kuhamisha mito. Fundi aliuliza Kibonge atarudishwa lini, nikamwambia harudishwi, amekwenda kwa mama yake. Akafikiri, akauliza, "Na sisi mama yetu tutapelekwa lini kwake?" Nikamkalisha nikamweleza taratibu. Sijui kama ameelewa. Usiku ule alinishika nywele mpaka alipopitiwa na usingizi. Shemeji yako alitoka nje akaosha lori ambalo alikuwa ameshaliosha.

Alfajiri naamka saa ile ile. Nawasha jiko kupasha maziwa, nikiwa nimeshika sufuria ndipo nakumbuka hakuna wa kuyanywa. Wiki ya kwanza niliyanywa mwenyewe.

Sasa asubuhi ninazo. Mume wamempunguzia safari, wawili wangu wakubwa wanalala mpaka kuche. Jana nikaenda uwanjani peke yangu, hakuna wa kunihesabia wala wa kunisubirisha. Nilizunguka mara tatu nikakaa kwenye nyasi. Miguu ilikuwa mizima kabisa. Nilikaa tu. Leo nimekwenda tena nikaongeza kidogo. Nitakwenda na kesho. Sijuti nilivyokuandikia, na sijafurahi. Naona mtu anaweza kuwa hivyo kwa muda mrefu na kazi zikaendelea.

Mambo ya timu, nani yuko mbele na nani yuko nyuma, usiniandikie kwanza. Kocha wako sitaki hata kumsikia. Niandikie Kibonge amekula nini.

Dada yako


Tarehe 5 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili Kibonge ameukalia.

Leo asubuhi amekula mkate wa kulowekwa kwenye maziwa, nusu. Nusu ya pili ameiweka ndani ya kiatu changu, nimeikuta nikiwa nimeshachelewa mazoezini. Mchana amekula wali na mboga ya majani, mboga akaitema, ndizi amekula yote na kuomba ya mtoto mwenzake. Maziwa ya jioni amekunywa yakiwa ya vuguvugu. Ya moto anayakataa, ya baridi anayamwaga, wewe ulikuwa unayapashaje? Jana hakula kitu zaidi ya ndizi, nikashinda na wasiwasi. Wiki mbili za mwanzo alinipiga kofi kila nikimkaribia na kijiko. Sasa anapiga kijiko tu.

Nimechoka namna ambayo sikuwahi kuchoka kule kambini. Nikitoka mazoezini nakimbia tena kumchukua, na yale ndiyo mazoezi yenyewe. Wenzangu wa kundi la pili wananiita Mama, kwa utani, na wengine si kwa utani. Nilishika mkono wako ule wenye kovu pale kituoni nikataka kusema jambo, basi letu likaanza kuondoka. Nilitaka kusema ahsante, na naona bado ni neno dogo.

Umesema nisikuandikie habari za mbio, basi sitaandika.

Akiamka asubuhi, kabla hajafumbua macho vizuri, anaita mama. Anaita kwa kuvuta, anasikiliza, anaita tena. Najua anayemwita ni wewe. Naitika hivyo hivyo.

Mdogo wako